Koti Kwenye Usukani wa Kihenge cha Tatu

Kuna kazi ambazo ukimweleza mtu anadhani unamtania. Mwanamke huyu alifanya mojawapo kwa miaka thelathini na minane: alisikiliza mahindi. Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kuchoma bati, alizunguka vihenge vinne vya chuma vilivyosimama nyuma ya stesheni ya treni, kila kimoja kirefu kama nyumba ya ghorofa tano. Mkononi alikuwa na fimbo nyembamba ya chuma inayomzidi kimo. Kwenye ukuta wa kila kihenge palikuwa na matundu madogo yenye vizibo. Alifungua kizibo, akaisukuma fimbo ndani ya mahindi mpaka ikagoma, kisha akaegemeza kichwa kwenye ncha iliyobaki nje, pale kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wenzake walimwita Sikio. Walianza kwa utani, wakaendelea kwa heshima, na alipozaa wakaongeza Mama mbele yake.

Fukusi, alisema, husikika kama manyunyu juu ya majani makavu. Mahindi yanayoshika joto hulia tik, tik, kama sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni. Na punje zinapojipanga upya kwa uzito wake zenyewe, kihenge kizima hutoa pumzi ndefu. Mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza hugeuka kuangalia ni nani aliyesimama nyuma yake. Huko kwingine nimeonyeshwa mashine za kufanya kazi hiyo, zina waya na kioo kinachowaka rangi. Nilipomwambia, alicheka.

"Na hiyo mashine ikishasikia, inamwambia nani?"

Alijifunza kwa bibi yake mzaa mama, ambaye maisha yake yote hakuajiriwa na mtu. Kihenge cha bibi kilikuwa cha fito na udongo, kimekalia mawe manne katikati ya uwanja wa nyumba, na mlango wake ulikuwa tundu dogo karibu na chini, lililozibwa kwa tambara. Aliyehitaji alizibua, akakinga kikapu, akaziba. Kufuli haikuwepo. Waliokula humo walikuwa ndugu, wake za ndugu, watoto wao, na shangazi mmoja mwenye mdomo mrefu. Bibi aliweka sikio kwenye udongo akasema yaliyomo yatawafikisha lini, na akikosea alikosea kwa siku mbili tatu.

Asije mtu akadhani huko kulikuwa peponi. Mahindi yale yalikuwa yanangoja njaa tu, hayana kazi nyingine, na mwaka ambao mvua ilikataa njaa ilikuja ikayamaliza. Wadogo zake Sikio wawili hawakuuona msimu uliofuata. "Tulikufa na njaa mlango ukiwa wazi," aliniambia, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kutaja hali ya hewa.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa ushirika ulipojenga vihenge vya chuma. Kila nyumba ilipeleka sehemu ya mavuno yake, na vijana wakachaguliwa kufundishwa kazi. Mwalimu wao alikuwa fundi mgeni, mzee mwenye vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto, na jambo la kwanza alilowafundisha halikuwa mashine. Liliwahusu wao wenyewe. Mahindi, aliwaambia, ni maji yasiyolowesha. Yakishika unyevu juu yanashikana na kufanya ukoko, kama ukoko wa sufuria, na chini ya ukoko huo panaweza kuwa patupu. Ndipo mtu hulazimika kuingia kwa mlango wa paani, na mti mrefu mkononi, kuuvunja. Sasa yeye yuko juu anavunja, na huku chini, kwenye kitako cha kihenge, kuna usukani. Mtu asiyejua akiuzungusha, mahindi yanashuka kupitia katikati, na aliye juu anashuka nayo. Muda wake ni mfupi kuliko wa kuita jina la mamake.

Kwa hiyo anayepanda anavua koti lake na kulitundika kwenye usukani. Koti likiwepo, usukani hauguswi. Na wa kulitoa ni mmoja tu, aliyelitundika, tena kwa mkono wake mwenyewe. Si mkewe, wala mwenyekiti.

Walilishika hilo kuliko walivyoshika katiba ya ushirika. Kuna siku kijana mmoja alishuka, akasahau koti, akapanda treni kwenda kuoa. Malori yalikaa getini siku tatu. Mwenyekiti alipiga simu stesheni zote za njiani, bwana harusi akarudishwa na suti yake ya harusi na utando wa poda shingoni, akalitoa koti mbele ya watu, akapigiwa makofi, akapanda treni kurudi kwa mke. Wengine waliona ni upuuzi. Lakini kwenye vihenge vile hakuna aliyewahi kufa, mwaka hata mwaka. Jambo hilo likumbukwe, maana ndilo lililoyafanya yaliyotokea baadaye yatishe zaidi: hapakuwa na marehemu wa kumsingizia.

Ushirika nao ulikuwa na wazimu wake. Mwaka mmoja Sikio alisikia kihenge cha pili kikilia tik, tik, akatoa taarifa. Barua ya kuruhusu kifunguliwe ilitakiwa itoke juu, na huko juu walikuwa wanasubiri takwimu kutoka chini. Wiki tisa. Watu waliokuwa na watoto wenye njaa walipita pale wameziba pua kwa leso, kwa harufu ya chakula chao wenyewe. Kila mtu alikuwa mwenye mali, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza.

Kisha ushirika ukafa, na kampuni ikanunua vihenge pamoja na waliokuwemo kazini. Likaja geti jipya, kikaja kitabu cha kusaini mtu anapopanda, ikaja sare: ovaroli ya njano ya kipande kimoja. Koti la kutundika likakosekana. Ukivua ovaroli unabaki na chupi, alisema Sikio, na hakuna usukani unaostahili heshima kiasi hicho. Sheria ya koti ikalala bila mtu kuifuta.

Kilichomsumbua yeye hakikuwa ovaroli. Mahindi ya kampuni yalikuwa masafi kuliko yote aliyowahi kuyasikiliza, makavu, yamefukizwa dawa barabara, hayana hata fukusi mmoja. Yalikaa. Njaa ilipita mjini ikarudi, na yenyewe yamekaa, kwa sababu hayakuwa yakiingoja. Yalingoja bei. Katika mwaka mmoja mahindi ya kihenge cha tatu yaliuzwa mara nne bila punje moja kusogea. Meneja alipokea simu tu, akabadilisha karatasi. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, na Sikio alipenda kumchokoza.

"Mwanangu, haya ninayoyasikiliza leo ni ya nani?"

"Leo? Ngoja kwanza niangalie, mama."

Ilikuwa imebaki miezi saba astaafu. Kwa kustaafu vizuri angebaki na nyumba yake, vyumba viwili kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, alimoingia akiwa bibi arusi na kumzikia mume, na alimoishi na kitindamimba wake, binti wa miaka ishirini na minne, ambaye naye aliajiriwa pale kama mpanda paa. Akifukuzwa kabla ya miezi hiyo, nyumba inarudi kwa kampuni. Hilo liliandikwa kwenye mkataba, na alikuwa amelisoma.

Basi, siku ya Jumanne bei ilifika. Malori kumi na moja yalikuwa getini kabla ya saa moja asubuhi, na ofisi kuu ilikuwa imeshapiga simu mara mbili. Kitindamimba alikwenda kupaka grisi kwenye usukani wa kihenge cha tatu, akarudi bila kuupaka.

"Mama, njoo uone. Kuna mtu katundika koti."

Lilikuwa la rangi ya kahawia, la kitambaa kizito cha zamani, vifungo vinne. Halikutupwa pale. Lilikuwa limetundikwa kwa ukosi, likanyooshwa mabega, jinsi mtu mwenye adabu anavyotundika koti nyumbani kwa watu.

Wafanyakazi walikuwa tisa, na wote tisa walikuwa wamesimama pale, wa njano kama vifaranga. Mlinzi akaapa kwamba tangu jana jioni hakuna kilichopita getini.

"Hata paka?" aliuliza msimamizi.

"Paka alipita. Ila hakuwa na koti."

Meneja alifika akiwa bado na simu mkononi. "La nani hili?" Akawapitia mmoja mmoja kwa macho. "Nauliza, la nani?"

"Si la mtu wa hapa, bosi," alisema msimamizi.

"Kama si la mtu, litoeni tufungue. Jamani, malori yanangoja."

Hakuna aliyesogea. Wengi wao waliajiriwa na kampuni, hawakuwahi kuiona sheria ile ikifanya kazi. Lakini waliijua, kama watoto wa nyumba wanavyojua chumba ambacho hakiingiwi.

"Labda ni la mwenye mahindi," alisema kitindamimba. "Si hatujawahi kumwona?"

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja.

Meneja akamgeukia Sikio. "Mama, wewe ndiye mkubwa. Waambie."

"Ngoja nisikilize kwanza," alisema.

Akazibua tundu, akasukuma fimbo, akafumba macho. Manyunyu hayakuwepo. Joto halikuwepo. Mahindi yalikuwa yametulia kabisa, kama wanafunzi mwalimu anapoingia darasani. Kisha, mbali, juu kabisa, kitu kikaburuzika. Kikanyamaza. Kikaburuzika tena. Ilikuwa namna ya kutembea ya mtu asiyeiamini sakafu: anatanguliza unyayo, anapima, ndipo anahamisha uzito. Sikio aliwahi kutembea juu ya ukoko hivyo hivyo alipokuwa msichana. Aliniambia kwamba nyayo zake ndizo zilizoutambua mwendo ule kabla ya sikio.

"Kuna mtu ndani," alisema.

"Mama, ufunguo wa mlango wa juu uko kwenye droo yangu. Tulifunga wiki iliyopita, wote tukiwepo."

"Najua. Nilikuwepo. Kuna mtu ndani."

Meneja akanyoosha mkono, akalishika koti kwa ndani ya ukosi, alitoe mwenyewe. Akaliachia ghafla. Akapangusa kiganja kwenye suruali, mara mbili.

"Lina joto," alisema polepole.

"Jua hilo, bosi," alisema msimamizi.

Upande ule wa kihenge jua hufika baada ya adhuhuri. Kila mtu pale alilijua hilo, na msimamizi pia.

Ufunguo ulikuwa kwenye droo, mahali pake. Kitindamimba aliuchukua akaanza kupanda ngazi, mama yake akiwa ameishika chini kana kwamba chuma kilichochomelewa ukutani kingeweza kuanguka.

"Usiingie. Utie kichwa tu."

"Nimesikia, mama."

"Kichwa tu!"

"Ninacho kimoja, nitakirudisha."

Walisikia kufuli ikifunguka, kisha mlango wa bati. Tochi ikawaka. Ukapita muda ambao meneja aliitazama saa mara tatu.

"Unaona nini?" aliita Sikio.

"Ukoko." Sauti ilishuka ikiwa imebadilika, kama imepitia ndani ya mtungi. "Umeshikana wote. Una vumbi juu. Na nyayo."

"Nyayo za viatu?"

"Za miguu mitupu. Zinaanzia hapa mlangoni, zinaelekea katikati."

"Zinarudi?"

"Hazirudi."

"Basi kuna shimo. Angalia alipotumbukia."

"Mama, hakuna shimo." Wakaona mwanga wa tochi ukizunguka mlangoni. "Zinafika katikati, zinasimama. Mguu wa kulia na wa kushoto, pamoja. Basi."

Aliposhuka midomo ilikuwa ya rangi ya jivu. Hakufanya utani tena siku hiyo.

Simu ya meneja ililia. Alizungumza akiwa amewapa mgongo, na waliokuwa karibu waliisikia sauti ya upande wa pili, nyembamba, ikitaja bei ya saa hiyo, kisha bei iliyotarajiwa jioni, ambayo ilikuwa ya chini. Aliporudi alikuwa amepata uso mwingine.

"Mama, ninakuheshimu kama mzazi wangu. Nyayo ni za wiki iliyopita, za huyu au yule. Toa koti. Zungusha usukani. Usipofanya hivyo wewe, nitaandika kwamba umekataa kazi, na unajua maana yake kwa nyumba yako."

Sikio aliujua mkataba. Aliwaza vyumba viwili, na dirisha la jikoni, na mtoto wake ambaye angelala wapi. Alisema pia kwamba kwa kitambo kidogo aliuona mkono wake ukiinuka kuelekea kwenye ukosi wa lile koti. Halafu akauliza swali ambalo hakulipanga.

"Mwanangu, wewe unasema hakuna mtu humo?"

"Hakuna."

"Niandikie. Andika kwamba ndani ya kihenge cha tatu hakuna mtu, utie sahihi, nitazungusha sasa hivi."

Meneja alitoa kalamu. Akaweka karatasi juu ya boneti ya lori, akaandika tarehe. Akasimama hapo. Alitazama juu, kwenye mlango wa bati uliobaki wazi, mweusi. Kisha akapiga simu ofisi kuu kuomba waandike wao. Ofisi kuu ikamwambia afungue. Akasema sawa, nitumieni maandishi. Wakamwunganisha na mwingine. Huyo naye akasema fungua, lakini maandishi aulizwe mwenye shehena. Mwenye shehena alikuwa kampuni nyingine, na huko simu ilipokelewa na mtu aliyesema kwamba wao waliuza jana. Zaidi ya saa nzima ilikwenda hivyo. Kila aliyepigiwa alisema fungua. Hakuna aliyekubali kuandika.

Mwisho meneja aliizima simu, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza alionekana umri wake.

"Na wewe," alimwambia Sikio, "utaandika kwamba umesikia mtu?"

"Lete hiyo karatasi."

Aliandika kwa herufi kubwa, akaweka sahihi. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha mlinzi akabonyeza king'ora, ambacho kilikuwa hakijalia tangu enzi za ushirika. Kililia kama mnyama.

Namna ya kumtoa mtu kwenye kihenge ni moja. Hugusi usukani. Unakata ukuta, milango minne kwa mpigo, pande zote sawasawa, ili mahindi yamwagike nje bila kumvuta mtu katikati. Mafundi wa kuchomelea walitoka kwenye karakana za mtaa wa jirani wakiwa na mitungi ya gesi, na walipoambiwa kuna mtu ndani hakuna aliyeuliza habari ya malipo. Bati likakatwa. Mahindi yakatoka kwa milia minne ya dhahabu, kwa mshindo ambao watu wa stesheni walidhani ni treni.

Umati ulikuja kuona maiti. Wanawake walisimama mbele, mikono kifuani. Mahindi yakajaa uani, yakafika kwenye magurudumu ya malori, yakapita chini ya geti hadi barabarani. Hapo, bila mtu kusema neno, mama mmoja akainama akakinga kanga yake. Mwingine akaenda akarudi na ndoo. Wakaja na mabeseni, na mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Hawakugombania, hawakusukumana. Waliteka kwa unyamavu, wameinamisha vichwa, wakipishana kwa adabu, kama watu walio msibani wakipokezana koleo la udongo. Mlinzi alimtazama meneja. Meneja alisema tu, "Wasikaribie ukuta," akaketi kwenye ngazi ya lori.

Saa tisa alasiri mlio ulikwisha. Kitindamimba na wenzake wanne wakaingia kwa milango iliyokatwa, na makoleo na mifagio. Walikusanya hadi punje ya mwisho.

Hapakuwa na mtu.

Ukoko ulikuwa umeshuka taratibu kadiri mahindi yalivyopungua chini yake, ukavunjika vipande vikubwa vilivyolala sakafuni kama vigae. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na nyayo mbili, pamoja, vidole vyote kumi vikionekana. Kitindamimba alimwita meneja aje aone. Alikuja, akachuchumaa, akapima unyayo mmoja kwa shubiri yake. Akasimama. Kisha akaukanyaga ule ukoko kwa kisigino cha kiatu chake kizuri, akakanyaga na kukanyaga mpaka ukawa unga, na hakuna aliyemzuia.

Walipotoka nje, usukani ulikuwa mtupu. Koti halikuwepo. Watu walikuwa wengi, na koti lilikuwa zuri. Bila shaka kuna aliyeliona akalitamani. Hivyo ndivyo walivyokubaliana. Ila mafundi wawili wa kuchomelea, waliokuwa wamekaa hatua chache kutoka pale mchana kutwa, walisema hakuna mtu aliyeusogelea usukani ule, ingawa mmoja wao alikumbuka kivuli kikimpita, akadhani ni mwenzake anakwenda kunywa maji.

Kesho yake bei ilishuka, na wiki ile haikurudi. Ofisi kuu ilitaka kujua nani aliamua. Karatasi yenye sahihi ilikuwa moja tu, na sahihi ilikuwa ya Sikio. Barua ya kumfukuza ilimfikia Ijumaa, na siku kumi na nne za kuondoka kwenye nyumba. Meneja aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni bila kukaribishwa kiti, akasema angeweza kumtafutia lori la kubebea vitu. Sikio alimshukuru. Hakuwa na hasira naye. Alisema kijana yule alikuwa na mwenyewe ambaye hajamwona, na mtu wa namna hiyo ni wa kuhurumiwa.

Mimi niliwakuta siku ya kumi na mbili. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zimefungwa kamba, masufuria yamo ndani ya ndoo. Walikuwa wanahamia chumba kimoja cha kupanga, ng'ambo ya reli. Kitindamimba hakufukuzwa, kampuni ilihitaji mpanda paa. Alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, bado na ovaroli, akimtazama mama yake akifunga vikombe kwa magazeti.

"Mama. Kweli ulisikia mtu?"

"Niliandika kwamba nimesikia."

"Najua uliandika. Nauliza kama ulisikia."

Sikio aliweka kikombe chini. "Nilisikia mtu anatembea. Sikumsikia akiita. Mtu aliyenaswa huita, mwanangu, hata kama hana sauti, hugonga. Huyu hakugonga. Alitembea kama anayekagua nyumba kabla ya kuhamia."

"Na bado ukatia sahihi."

"Miguu ilikuwa ya mtu."

Nje treni ya mizigo ilipita, na vikombe vilivyokuwa bado mezani vikagongana kidogo.

"Jumatatu nimepangiwa kihenge cha kwanza," alisema. "Kimeshika ukoko. Lazima mtu aingie."

"Usukani?"

"Msimamizi mpya. Hajui lolote, anapenda kubonyeza na kuzungusha kila kitu." Alivuta ovaroli yake kifuani. "Nitatundika nini? Si nitabaki uchi."

"Vua kiatu. Funga kwa kamba yake. Kitaning'inia."

"Kiatu?"

"Kiatu kina mwenyewe kuliko koti."

Kitindamimba alitazama miguu yake, buti mbili nyeusi zenye vumbi la mahindi kwenye mishono. Akawaza.

"Na nikikuta kimeshatundikwa kingine?"

Mama yake alichukua gazeti lingine, akalinyoosha kwa kiganja, akakifunga kikombe cha mwisho.

"Basi hutapanda," alisema. "Utakaa hapo chini, na hutamruhusu mtu yeyote aguse, mpaka mwenyewe ashuke."